Usiache mbachao: kadi ya mwanafunzi ibaki mfukoni

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Wasia huo umetujia akilini mara nyingi siku hizi, kila tunapowasikia wasimamizi wa vyuo, na hasa wauzaji wa programu za kompyuta wanaowashauri, wakidai kwamba wakati umewadia wa kuizika kadi ya plastiki ya mwanafunzi na kukitia kitambulisho chake ndani ya simu. Langoni, maktabani, bwaloni na hata katika zahanati ya chuo, mwanafunzi hatatoa tena kadi mfukoni. Atanyoosha simu, mashine italia, na mlango utafunguka.

Wazo hilo linavutia, nasi hatulipingi kwa sababu tu ni jipya. Lakini linapoletwa katika kaunti kama Kajiado, ambako mwanafunzi wa Kitengela na mwanafunzi wa Mashuuru huketi darasa moja huku wametoka katika dunia mbili, halina budi kuulizwa maswali magumu kabla mkataba haujatiwa sahihi. Msimamo wetu tunautaja mapema ili msomaji asipapase gizani: simu na iongezwe kwa anayeitaka, lakini kadi isiondolewe mikononi mwa mwanafunzi yeyote.

Tuwatendee haki kwanza wanaoitetea simu. Kadi ya plastiki ina kasoro zake, na mwalimu yeyote wa chuo anazijua. Huchelewa kuchapishwa, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akalazimika kutembea na karatasi iliyopigwa mhuri kwa majuma au miezi. Hupotea, hukatika, picha hufifia, na mwenye hila huweza kuighushi au kumwazima mwenzake. Aliyefukuzwa au kuhitimu huendelea kuwa nayo mfukoni. Kitambulisho cha simu chaweza kutolewa siku ile ile ya usajili, na chaweza kufutwa kwa dakika moja mwenyewe anapoondoka chuoni. Hizo ni faida za kweli, wala si za kubezwa.

Isitoshe, kijana wa Kenya amekwisha kuzoea kuishi maisha yake ndani ya simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 2007, fedha za matumizi humfikia kwa simu. Nafasi yake ya chuo huiomba kwa mtandao, mkopo wa elimu huuomba kwa mtandao, na matokeo yake huyasoma humo humo. Ng'ambo nako mambo yameenda mbio. Mwaka 2018 vyuo vikuu vya Duke, Alabama na Oklahoma nchini Marekani vilikuwa vya kwanza kuviweka vitambulisho vya wanafunzi ndani ya simu za kampuni ya Apple, na vingi vimefuata nyayo. Kwa nini basi sisi tubaki nyuma?

Jibu letu ni kwamba kubaki nyuma ni jambo moja, na kuwaacha watu nyuma ni jambo jingine. Anayepita Kitengela leo ataona mji ambao sensa ya mwaka 2019 iliuhesabia wakazi zaidi ya 150,000, majumba ya kupangisha yakiwa yameota pale palipokuwa na swara na mbuga tupu. Huko mtandao ni wa kasi, na umeme, japo hukatika, hurudi. Lakini Kajiado ni kaunti yenye eneo la zaidi ya kilomita mraba 21,000. Mwanafunzi wa Taasisi ya Kiufundi ya Maasai mjini Kajiado, au wa Chuo Kikuu cha Umma katika mji huo huo, aweza kuwa ametoka viungani mwa Magadi, au upande wa Mashuuru, au mpakani karibu na Namanga. Kwao, kupata mawimbi ya simu huenda kukamaanisha kupanda mlima, na kutia chaji kukamaanisha kwenda sokoni.

Wapo watakaosema kwamba simu sasa ni za bei nafuu. Ni kweli kwamba mwezi Oktoba 2023 kilizinduliwa kiwanda cha kuunganisha simu pale Athi River, hatua chache tu kutoka Kitengela, na kwamba simu zake ziliingizwa sokoni kwa chini ya shilingi 10,000. Tunawapongeza waliohusika. Lakini kwa mfugaji bei hiyo ni mbuzi mzima, na ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kuendelea hadi mapema mwaka 2023 ulizimaliza zizi nyingi za Kajiado. Mzazi aliyeuza ng'ombe waliobaki ili alipe karo hapaswi kuambiwa kwamba karo haitoshi, na kwamba bila simu mwanawe si mwanafunzi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tena tusisahau kwamba si kila simu yenye kioo kikubwa inaweza kazi hiyo. Mfumo ulio imara zaidi hutumia chipu ya mawasiliano ya karibu, ile inayoiwezesha simu kuzungumza na mashine ya mlangoni kwa kuikaribia tu. Chipu hiyo haimo katika simu nyingi za bei ya chini. Kwa hiyo chuo hulazimika kutumia msimbo wa miraba midogo myeusi na myeupe unaoonyeshwa kwenye kioo. Msimbo huo usipobadilika kila baada ya sekunde chache, mwanafunzi aweza kuupiga picha na kumtumia rafiki yake aliye nje ya lango. Ukibadilika kila mara, mara nyingi huhitaji mtandao ili uende sawa. Chuo hujikuta kati ya mambo mawili: ama kitambulisho kinachoghushiwa kwa urahisi kuliko kadi, ama kitambulisho kinachokufa mtandao unapokufa.

Na mtandao hufa. Mwezi Julai 2023 jukwaa la eCitizen, ambalo Serikali ilikuwa imelikusanyia maelfu ya huduma zake, lilishambuliwa na wavamizi wa mtandao, wananchi wakakwama. Mwezi Agosti mwaka huo huo umeme ulizimika karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zilikaa gizani kwa saa nyingi. Mwezi Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa kwa siku kadhaa. Katika siku kama hizo, mwenye kadi ya plastiki aliingia maktabani kama kawaida. Kadi haihitaji chaji wala fedha za kununulia data, na inaweza kusomwa na bawabu yeyote mwenye macho mawili na tochi.

Hebu sasa tuingie katika chumba cha mtihani, maana ndipo kichekesho kinapofikia kilele. Mtahiniwa hawezi kuketi bila kuonyesha kitambulisho chake. Wakati huo huo, kanuni za mitihani karibu katika kila chuo, na zile za Baraza la Mitihani la Kitaifa, zinamkataza kuingia na simu. Mwalimu anayesimamia atafanya nini? Akiiruhusu simu iingie ili amtambue mtahiniwa, amefungua mlango wa udanganyifu alioajiriwa kuufunga. Akiikataa, amemkataa mwanafunzi pamoja nayo. Wakipanga foleni mlangoni, kila mmoja aonyeshe simu kisha aikabidhi, basi watahiniwa 300 watakuwa wamepoteza muda, na rundo la simu 300 litahitaji mlinzi wake. Na yule ambaye betri yake imezima alfajiri hiyo, baada ya kusoma usiku kucha kwa kutumia simu hiyo hiyo? Je, muhula mzima wa jasho lake upotee kwa sababu ya waya wa chaji?

Tunawaomba walimu walitafakari jambo hili kwa makini, kwa kuwa wao ndio watakaosimama mlangoni. Wakuu watakaotia sahihi mkataba hawatakuwapo saa mbili asubuhi kumtazama kijana machoni na kumwambia arudi nyumbani. Sheria inayomlazimisha mtu mwema kutenda uonevu ina kasoro kwenye mzizi.

Kuna hoja ya usalama, nayo ni nzito. Hakuna Mkenya aliyesahau tarehe 2 Aprili 2015, wavamizi walipoingia katika Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Tangu siku hiyo malango ya vyuo vyetu yamekuwa na ukaguzi mkali, na ndivyo inavyopasa. Lakini tusidanganyane. Waliovamia Garissa hawakuingia kwa kadi ya kughushi. Walianza kwa kuwapiga risasi walinzi wa langoni. Lililokosekana alfajiri ile ni ulinzi wa kutosha na msaada wa haraka. Mashine ya kusoma simu haichukui nafasi ya mlinzi aliyefunzwa vyema, anayelipwa vizuri na anayewajua wanafunzi wake kwa sura.

Suala la vitambulisho si geni katika nchi hii, na lina historia yenye makovu. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa kufanya kazi kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole iliyotiwa katika kikebe cha bati na kuning'inizwa shingoni. Madhumuni yake yalikuwa kumbana mfanyakazi asimtoroke mwajiri. Kupinga kipande kulikuwa miongoni mwa madai ya Harry Thuku na wenzake, na alipokamatwa mwezi Machi 1922, umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulimiminiwa risasi. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1947 ndipo ikapitishwa sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote, na hadi mwaka 1978 ndipo wanawake wakajumuishwa katika vitambulisho vya taifa.

Hatusemi kwamba simu ni kipande. La hasha! Tunasema kwamba kila kitambulisho kina nyuso mbili. Uso mmoja humwambia mwenyewe: wewe ni wetu, ingia. Uso wa pili humwambia mwenye mamlaka: huyu ndiye, alikuwa hapa, saa hii. Kadi ya plastiki ina uso wa kwanza mpana na wa pili mwembamba. Ikishaonyeshwa langoni hurudi mfukoni, wala haikumbuki lolote. Simu ni kinyume chake. Kila inaposomwa, seva mahali fulani huandika kwamba mwanafunzi fulani ameingia bwenini saa fulani, ametoka saa fulani, amekwenda zahanati mara tatu juma hili, na kwamba fulani na fulani wamepita mlango mmoja kwa pamoja. Nani atayasoma hayo? Yatahifadhiwa kwa muda gani? Mkataba na mwenye programu ukiisha, data hiyo itakuwa mali ya nani?

Mtu asituambie kwamba maswali haya ni ya waoga. Mwaka 2024 vijana wa nchi hii, wengi wao wanafunzi, waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha. Yaliyofuata ni malalamiko mengi ya watu kutekwa nyara, na hofu kubwa kuhusu jinsi simu zinavyoweza kutumiwa kuwafuatilia wenyewe. Mji wa Kitengela unalijua jambo hilo kuliko miji mingi, kwani mwezi Agosti mwaka huo wanaume watatu walitekwa huko, na jamaa zao wakahangaika kwa takriban mwezi mmoja kabla hawajaonekana tena. Mzazi wa Kitengela anayeuliza ni nani atakayejua mienendo ya mwanawe chuoni ana kila sababu ya kuuliza, na anastahili jibu lililoandikwa.

Sheria iko upande wake. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka athari zitathminiwe mapema, kabla ya kuanza shughuli yoyote inayoweza kuhatarisha haki za wenye data. Serikali yenyewe ilifunzwa somo hilo kortini. Mwezi Januari 2020 Mahakama Kuu iliuwekea mpango wa Huduma Namba masharti, na mwezi Oktoba 2021 ikatangaza kwamba kadi za Huduma zilitolewa kinyume cha sheria kwa kuwa tathmini hiyo haikufanywa. Mpango wa Maisha Namba ulioufuata nao ulisimamishwa kwa muda na mahakama mwezi Desemba 2023. Shule nazo hazikusazwa. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ikiwa picha tu zimeigharimu shule kiasi hicho, chuo kitakachokusanya nyendo za maelfu ya wanafunzi bila tahadhari kijiandae.

Watetezi wa mfumo watajibu kwamba mwanafunzi mwenyewe atakubali, kwani atabonyeza mahali palipoandikwa "Nakubali". Kajiado ndipo mahali pa mwisho pa kutoa hoja ya namna hiyo. Wazee wa Kimaasai walitia alama zao katika mikataba ya mwaka 1904 na 1911, iliyoandikwa kwa lugha wasiyoisoma, na kwayo jamii ikahamishwa kutoka Laikipia na malisho mengine ya kaskazini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913 walishindwa. Kukubali usichokielewa, au usichoweza kukikataa, si kukubali. Mwanafunzi anayeambiwa abonyeze au asiingie darasani hana hiari yoyote.

Je, tufanyeje? Hatupendi kulalama bila kupendekeza. Kwanza, kila mwanafunzi apewe kadi anapojiandikisha, na gharama yake isiwe mzigo mpya juu ya karo. Kitambulisho cha simu kiwe nyongeza ya hiari, na anayekikataa asiadhibiwe kwa foleni ndefu wala kwa maneno ya kejeli. Pili, katika mitihani itumike kadi pekee, au orodha yenye picha iliyo mikononi mwa msimamizi. Tatu, mfumo wowote uwe na uwezo wa kufanya kazi bila mtandao, na bawabu apewe idhini ya kumruhusu mwanafunzi kwa njia nyingine inapobidi. Nne, kumbukumbu za kuingia na kutoka zifutwe baada ya muda mfupi uliotangazwa, wala zisitolewe kwa yeyote bila amri ya mahakama. Tano, mkataba na mwenye programu uwekwe wazi kwa wanafunzi na walimu kabla haujatiwa sahihi, ujadiliwe, na nakala yake ibaki maktabani.

Hayo hayatakuwa ya kwanza duniani. Nchini India, ambako zaidi ya watu bilioni moja wameandikishwa katika mfumo wa namba wa Aadhaar, Mahakama ya Juu iliamua mwezi Septemba 2018 kwamba shule haziwezi kuifanya namba hiyo kuwa sharti la kumwandikisha mtoto. Taifa lililojenga mojawapo ya mifumo mikubwa kabisa ya utambulisho lilitambua kwamba elimu ni haki, na kwamba haki haipaswi kuning'inizwa kwenye mashine. Katiba yetu nayo, katika kifungu cha 43, inaitaja elimu miongoni mwa haki za kila mtu. Haikusema kila mtu mwenye simu.

Kwenu wanafunzi, tuna neno. Wengi wenu mtaupenda mfumo huu, na hamna hatia kwa kuupenda. Lakini mnapopiga kura katika mabaraza yenu, mkumbukeni mwenzenu anayeketi nyuma, ambaye simu yake ya vibonye hushinda imezimwa ili chaji ifike Ijumaa, apigie nyumbani. Hatasimama kusema, kwa kuwa umaskini una haya. Semeni kwa niaba yake.

Na kwenu walimu: mlijifunza kuwatambua wanafunzi wenu kwa majina, kwa sura, na kwa mwandiko wao. Huo ndio utambulisho wa kwanza, na hakuna betri inayouzima. Chuo kinachomjua mwanafunzi wake hakitamfungia mlango kwa sababu kioo cha simu yake kimepasuka. Msala mpya na utandikwe, maadamu umeletwa. Lakini mbacha wetu tusiutupe, maana hatujui huo msala utakaa nasi kwa siku ngapi.